Maneno ya Kiingereza na Asili Yake: "Prevent"

Wako watu wengi wanaojua Kiingereza cha kila siku, nao wakifungua kitabu cha zamani hukuta neno walijualo, kumbe maana yake siyo ile waliyofundishwa. Mojawapo ya maneno hayo ni kitenzi "prevent". Siku hizi maana yake ni kuzuia: kuzuia jambo lisitokee, au kumzuia mtu asifanye alilokusudia. Lakini zamani maana yake ilikuwa kutangulia.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Warumi walikuwa na kitenzi "venire", yaani kuja. Wakatia mbele yake "prae", yaani kabla. Basi "praevenire" ni kuja kabla, kutangulia, au kuwahi. Waingereza walilipokea neno hili katika karne ya 15, na kwa muda mrefu walilitumia kwa maana hiyo ya Warumi.

Je, kutangulia kuligeukaje kuwa kuzuia? Si vigumu kuona. Mtu awahiye kivukoni kabla ya adui yake amekwisha kumfungia njia. Mkulima achimbaye mfereji kabla ya masika ameyatangulia maji, nayo hayaliharibu shamba lake. Hivyo kidogo kidogo maana ya pili ikaimeza ile ya kwanza.

Hasara ya kutojua jambo hili yaonekana katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa 4, Mtume Paulo awafariji watu waliofiwa. Awaambia kwamba walio hai siku ya kuja kwake Bwana hawatawatangulia wale waliokwisha kufa. Wafasiri wa 1611 walitumia "prevent". Asomaye kwa maana ya leo atadhani kwamba hofu ya watu wale ilikuwa walio hai kuwazuilia wafu njia, na faraja yenyewe itampotea. Kwa sababu hiyo tafsiri ya Kiingereza iliyotengenezwa upya mwaka 1881 iliweka "precede" mahali pake. Msomaji wa Kiswahili hana taabu hiyo, kwa kuwa Biblia ya mwaka 1952 yasema wazi "kutangulia".

Neno hili lina ndugu zake wa tumbo moja. "Convene" ni kuja pamoja, yaani kukutanika. "Intervene" ni kuja katikati, kama afanyavyo mwamuzi wa ugomvi. "Invent" ni kukijia kitu na kukikuta, ndipo ikawa kuvumbua. "Event" ni jambo lililokuja nje. Na Kiswahili nacho kimepita njia iyo hiyo, kwani kutoka kumezaa kutokea. Wasemao Kifaransa, kama wasomi wa Kongo, wana "prévenir", lakini kwao mara nyingi ni kumwonya mtu mapema. Asifasiri mtu moja kwa nyingine bila kufikiri.

Katika matumizi, yafaa kuangalia mambo mawili. Kwanza, baada ya mtu azuiwaye hufuata "from" na kitenzi chenye mwisho wa "-ing": "The rain prevented him from going." Waingereza wengine huiacha "from", wala si kosa, bali kusema "prevented him to go" ni kosa. Pili, "prevent" si "avoid". Dereva akwepaye shimo barabarani hufanya "avoid", maana amejiepusha yeye tu, na shimo lingalipo likimngoja mwingine. Wale wanaolifukia hufanya "prevent", kwa kuwa wameizuia ajali isimpate mtu ye yote.

Hata hivyo maana ya kale haikufa kabisa. Moto uliokwisha kushika paa huzimwa, hauwezi tena kuwa jambo la "prevent". Neno hilo ni la yule aliyeiondoa taa karibu na makuti mapema. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Azibaye ufa ndiye afanyaye "prevent", naye ameitangulia hasara, kama Warumi walivyokusudia walipoliunda neno lao.