Barua ya Wazi kwa Balozi wa Tanzania Nchini Uingereza

Mheshimiwa Balozi,

Nakuandikia kuhusu wanafunzi wetu wanaougua sonona huku wakiogopa kumwambia mtu. Nimeishi nao miaka mingi, nimewapikia, nimewasindikiza kwa daktari. Aibu ipo, lakini kinachowafunga midomo zaidi ni viza.

Kijana anaamini akimwambia mshauri nasaha wa chuo kwamba hapati usingizi, habari zitafika Uhamiaji na atarudishwa kwao. Si kweli. Chuo kinalazimika kuripoti mwanafunzi aliyeacha masomo au aliyetoweka darasani, si aliyekwenda kuomba ushauri. Hata hivyo hofu hii ina mzizi: akisimamisha masomo zaidi ya siku 60, kwa kawaida chuo humwondolea udhamini wa viza na inambidi aondoke nchini. Basi anajikaza, anakosa vipindi, na hapo ndipo jina lake linapoingia kweli kwenye ripoti aliyokuwa akiikimbia.

Binti mmoja, jirani yangu, alikuwa akisoma shahada ya uzamili na kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo mwisho unaoruhusiwa muhula ukiendelea. Wakati wa baridi alitoka zamu saa sita usiku. Dar es Salaam ni saa tisa, ampigie nani? Mama yake akiuliza, “Unakula lakini, mwanangu?” alijibu, “Nakula, mama.” Nilipofungua friji yake nilikuta nusu chupa ya maziwa, basi. Nyumbani walikuwa wameuza shamba ili asome. Angeanzia wapi kusema?

Wapo pia waliofikia kutotaka kuishi. Hao wamekulia kwetu, ambako kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho nchini mwao kinakiuka Katiba. Lakini aliyelelewa chini ya sheria yetu hawezi kumfungulia moyo afisa yeyote kirahisi.

Na msaada wameshaulipia, Mheshimiwa! Kabla ya kupewa viza mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya matibabu. Ana haki ya daktari, na ya mkalimani bila malipo. Akiwa England anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo. Akizidiwa, apige 111 na kuchagua namba 2. Niliowauliza, wengi hawakuwa na habari.

Naomba ubalozi uyaandike haya kwa Kiswahili, karatasi moja tu, imfikie mwanafunzi pamoja na mzazi wake kabla ya safari. Naomba pia pawe na afisa anayejulikana kwa jina na namba ya simu, atakayezungumza na chuo kwa niaba ya mgonjwa kabla udhamini haujaondolewa. Wengi huanza masomo Septemba. Karatasi hiyo iwe mikononi mwao Agosti.

Wako mtiifu,
Mzazi, Mtanzania mkazi wa Uingereza