Anayehitaji Kusukumwa Ni Bosi

Februari 2009, wilayani Bukoba, walimu 19 wa shule tatu za msingi walichapwa viboko. Aliyeshika fimbo alikuwa askari polisi. Aliyetoa amri alikuwa Mkuu wa Wilaya. Makosa yao yalitajwa: wanachelewa kazini, hawafundishi inavyotakiwa, na shule zao zimefanya vibaya kwenye mtihani. Rais Jakaya Kikwete alimfukuza kazi mkuu yule siku chache baadaye, vyombo vya habari vikahamia kwingine, na suala likahesabiwa limekwisha.

Halijakwisha. Lisimulie leo kwenye kijiwe cha kahawa na kabla hujafika mwisho atatokea mtu wa kukukatiza. Viboko vilizidi, atasema, hilo ni kweli, lakini na walimu wetu nao, mh! Wa pembeni yake atamalizia: Mtanzania bila kusukumwa haendi. Hapo mjadala hufungwa, maana nani wa kubisha?

Mimi nabisha. Imani hii wanayo mawaziri na wenye maduka ya Kariakoo, wanayo mameneja wa hoteli na wakuu wa shule, na linalokera zaidi ni kwamba wafanyakazi wenyewe wanayo pia, kila mmoja akimfikiria mwenzake. Inadai kwamba mfanyakazi wetu ana uvivu wa kuzaliwa nao, kwamba dawa yake ni bosi mkali, na kwamba bosi anayewauliza watu wake wamekwama wapi anawadekeza. Nasema ni uongo, tena uongo wenye faida, na anayekula faida hiyo ni bosi.

Kwanza, tumeirithi. Wajerumani waliitegemea walipokuwa wakiwachapa vibarua wa mashambani hamsa ishirini, viboko 25 vya mkupuo mmoja. Kenya, Waingereza wakaja na kipande, ambacho mwanaume alitembea nacho shingoni ndani ya kikopo cha chuma ili asiweze kumwacha tajiri wake bila kujulikana. Sasa jiulize, mtu mvivu anavalishwa kipande cha nini? Kipande kilikuwa cha mtu anayejua kupiga hesabu, aliyelinganisha ujira na jasho lake akaona heri arudi kulima kwao. Wakoloni waliondoka, mnyapara alibaki, akavaa suti.

Lakini imani inaweza kuwa ya kikoloni na bado ikawa kweli, kwa hiyo tuipime kazini.

Kwenye shule zetu nyingi daftari la mahudhurio hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu, na muda ukifika huchorwa mstari mwekundu. Atakayesaini chini ya mstari amechelewa, na akizoea kuchelewa ataandikiwa barua ya kujieleza. Ni utaratibu mkali, na kuna kitu unakipata. Benki ya Dunia ilipopima utoaji wa huduma katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2014, kwa kutembelea shule bila kutoa taarifa, walimu wasioonekana shuleni kabisa walikuwa kama mmoja kati ya saba. Wasiokuwa darasani walikaribia nusu. Ugomvi wangu wote uko kwenye tofauti ya hesabu hizo mbili. Watu wale walikuwa wamefika. Wamesaini, wako ofisini, wako chini ya mwembe. Mstari mwekundu uliweza kuwafikisha getini. Kutoka getini mpaka ubaoni, haukuwa na nguvu yoyote.

Kwenye ofisi za mjini, kazi ya daftari hufanywa na koti. Koti linatundikwa kwenye kiti saa moja na nusu asubuhi, miwani inaachwa juu ya faili lililofunguliwa, na mwenyewe anakwenda kuhangaikia bodaboda zake. Ukimuulizia: "Yupo, katoka kidogo." Bosi mkali akipita anaona koti, anaridhika, anaendelea na safari yake ya kukagua makoti. Mtu mwenye uwezo wa kuendesha maigizo hayo kila siku kwa miaka kumi, na jioni akafunga hesabu za bodaboda tatu, msimwite mvivu mbele yangu.

Kati ya geti na ubao kuna nini basi? Kuna darasa la watoto zaidi ya mia, wamebanana watano kwenye dawati la watatu, na mwalimu anayetaka kusahihisha kazi ya Hisabati hana hata pa kupita. Kuna kitabu kimoja cha kiada kinachozunguka safu kwa safu. Kuna nauli ya likizo ya mwaka juzi ambayo bado ni dai, na fomu yake imejazwa upya kila mara kwa sababu ikifika halmashauri inapotea. Na kuna mwalimu mkuu ambaye kila kikao cha wafanyakazi anakifungua kwa maneno yaleyale, "Kuna watu humu ndani...", halafu anawatazama wote mmoja mmoja. Hamtaji mtu. Anataka kila mmoja atoke pale akijihisi ndiye.

Shirika la Twaweza lilipima hapahapa nchini kinachomfikisha mwalimu ubaoni, kwa jaribio lake la KiuFunza, katika shule 350 za wilaya 10, mwaka 2013 na 2014. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya ziada tu. Jingine liliahidiwa bonasi kwa walimu kulingana na watoto watakaofaulu kusoma na kuhesabu. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikusogeza chochote. Bonasi peke yake ikatoa matokeo ya kusuasua. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, tena kuzidi ambavyo ungepata ukiyajumlisha matokeo ya ruzuku na ya bonasi kila moja kivyake. Walimu walikuwa walewale, waliozaliwa na kulelewa hapahapa. Safari hii kuna mtu aliwapa vitendea kazi, na papo hapo akaonyesha kwamba atajua wakivitumia na atawashukuru.

Najua mtakachosema: Magufuli. Ziara za kushtukiza, kutumbua majipu, ofisi zilizokuwa zimelala zikaamka ndani ya wiki. Haya, tumchukue Magufuli. Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa, aliingia Hospitali ya Taifa Muhimbili bila taarifa. Akakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa, nchi ikashangilia. Kisha mashine zikatengenezwa, kwa mafundi waliokuja na vipuri na kwa fedha zilizotolewa. Hofu haikuwa miongoni mwa vipuri hivyo. Ziara ile ilizaa matunda kwa sababu rais alifanya ambalo mkubwa yeyote alipaswa kulifanya kimyakimya muda mrefu kabla: alihakikisha vifaa vinapatikana. Sisi tukaondoka pale na somo jingine kabisa. Wakuu wa wilaya wakabeba ule ukali na kuacha vipuri, kwa kuwa ukali hauombewi bajeti.

Na hapo ndipo penye siri ya bosi mkali. Kufoka hakuhitaji maandalizi. Kuandika barua ya onyo ni dakika tano, na katibu muhtasi anayo nakala ya mwaka jana. Kazi ngumu ni ile nyingine. Mtazame muuguzi kiongozi wa wodi anayeijua kazi yake. Kabla ya zamu kukabidhiana ameshashuka stoo kudai glovu na sindano, maana anajua zikiisha saa nane usiku stoo itakuwa imefungwa na mwenye funguo amelala kwake. Ratiba ya zamu anaipanga akikumbuka nani ananyonyesha na nani anauguza nyumbani. Ndugu wa mgonjwa akija juu, anatangulia yeye mbele; mengine ataongea na muuguzi wake baadaye, faragha. Halafu ndiye huyohuyo atakayekurudisha kutoka mlangoni, begi begani, ukaandike upya chati kwa sababu shinikizo la damu la saa kumi na mbili hukulijaza. Unarudi na unaandika. Hununi, kwa sababu jana alikuletea glovu.

Kwa hiyo msinisingizie kwamba natetea mabosi laini. Bosi laini, asiyejua nani kaja na nani hakuja, ni balaa lake peke yake. Watafiti wawili wa Marekani, Fleishman na Harris, waliwachunguza wasimamizi 57 wa kiwanda cha malori na kuchapisha matokeo mwaka 1962. Wasimamizi waliojali watu wao waliweza kubana kazi na malalamiko yasiongezeke sana. Wasiojali watu walilalamikiwa mno, wabane wasibane. Yaani huyu mkali wetu anatumia kitu ambacho kwake hakifanyi kazi, na kingefanya kazi mikononi mwa mwenzake anayemcheka kuwa mpole.

Hasara yake nyingine haionekani kwenye vitabu. Amy Edmondson wa Harvard, katika utafiti wake wa miaka ya 1990, alifuatilia makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekosea kidogo. Takwimu zikamgeuka: timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye rekodi. Alipochimba zaidi akaona kwamba kule watu walithubutu kusema walipokosea, na kwingine walikuwa wakifunika kombe. Sasa ipeleke habari hiyo kwenye wodi ya matroni anayewafokea watu mbele ya wagonjwa. Ripoti yake ya zamu itakuwa safi Januari mpaka Desemba, na kwenye kikao cha hospitali atasifiwa. Mgonjwa aliyepewa dozi mara mbili hatakuwa ameandikwa popote. Kwenye hoteli ambako mhudumu hukatwa mshahara kwa kila chombo kinachovunjika, vikombe havivunjiki kamwe. Vina nyufa tu, na chai unanywea humo.

Wezi wapo, sikatai. Uhakiki wa vyeti uliibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi mwaka 2017, na sina chozi la kuwalilia. Ila tukumbuke na upande wa pili. Upandishaji wa madaraja ulisitishwa 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, mwenye cheti halali na mwenye cha kununua wakasubirishwa pamoja, na nyongeza ya mshahara ya kueleweka haikuja mpaka 2022, kima cha chini kilipopanda kwa asilimia 23.3. Miaka yote hiyo mwalimu aliambiwa achape kazi. Alichapa, kwa kiwango cha mtu aliyeambiwa asubiri.

Wazee wetu wa viwandani hawakuhitaji utafiti. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu kwa walio chini yake. Wafanyakazi wakaushika kwelikweli, pengine kuliko walioandika walivyotarajia. Migomo iliyofuata, ambayo mwanazuoni Issa Shivji ameieleza kwa kirefu, mingi haikuwa ya mshahara. Ilikuwa ya kumkataa meneja mwenye matusi na manyanyaso. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha bidhaa za mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia mwajiri nje na kuendesha kiwanda wenyewe. Hao ndio wasioenda bila kusukumwa.

Serikali nayo iliwahi kuliandika hili kwenye fomu. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji ulioletwa mwaka 2004, ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakae mezani mwanzo wa mwaka wakubaliane malengo, na fomu ilikuwa na safu ya rasilimali zilizokubaliwa: mkubwa atatoa nini ili mdogo atimize. Aliyepita serikalini anajua ilivyokuwa. Fomu zilijazwa mbiombio mwezi Juni, malengo yakinakiliwa kutoka fomu ya mwaka jana, na kwenye safu ile ikaandikwa "shajala". Sasa mahali pa OPRAS tuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji ndani ya kompyuta, na anayetoa jasho siku ya tathmini bado ni yule wa chini.

Mkubwa ajaye wa kushtukiza, akishamaliza kukagua daftari la mahudhurio kama ilivyo ada yao, aombe faili moja zaidi: barua zote za kuomba vifaa zilizoandikwa na walio chini, majibu ya bosi, na tarehe za majibu hayo. Barua za kujieleza zianzie kwa aliyezikalia.