Kijana Alisema Namba Saba

MANENO YA NJIA PANDA
Na Mihayo wa Nzega

Mtu anayemlipa mbeba begi halafu hataki kumsikiliza ni mjinga, na sioni sababu ya kulizungusha neno hilo. Wiki hii nimemshuhudia mmoja kwa macho yangu, tena wa kwetu, amekunywa maji ya Nzega kama mimi. Tangu nishuke kwenye basi pale stendi roho haijatulia. Shemeji yangu wa Bukene amenisihi nisiandike.

Nilikuwa Dar kwa mambo ya mahari, ambayo siyasimulii leo kwa kuwa hayajaisha na wenzetu wa upande wa pili wanasoma gazeti. Jumamosi alfajiri simu ikaita. Bwana Turubai. Huyu ni mwenye malori, mtu wa kwetu. Siku hizi anacheza gofu. Ana glavu ya mkono mmoja, ana viatu vyenye meno, na akikaa kwenye kiti anakaa upande kama mtu anayepigwa picha.

"Njoo uone watu wanavyofikiri, Mzee Mihayo," akaniambia. "Gofu ni mkakati. Kila shimo na mkakati wake."

Nikaenda. Klabu siitaji, maana haina kosa lolote na nyasi zake ni nzuri kuliko malisho yote ya kutoka Itobo mpaka Puge. Pale langoni, kavaa kizibao cha kijani, begi la fimbo begani, nani nimkute? Mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu, yule aliyeaga nyumbani baada ya kidato cha nne akisema amepata kazi ya ofisini. Kumbe ofisi yenyewe ina mashimo 18. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akainama, "Shikamoo, Mjomba," na kwa macho akaniomba nisimwambie mama yake. Dada, kama unasoma, mtoto mzima na anakula.

Bwana Turubai akamchagua yeye kwa sababu ya utani wa nyumbani. Basi tukawa watu watatu wa Nzega kwenye nyasi za Dar es Salaam: mmoja ana fimbo, mmoja ana begi, mmoja ana kalamu.

Kwa wale wa benchi la bao ambao gofu wanaionea kwenye televisheni wakisubiri mpira: uwanja kamili una mashimo 18, na kila shimo limepangiwa idadi ya mikwaju. Fupi mitatu, la kawaida minne, refu mitano. Jumla kwenye viwanja vingi inafika 72. Shimo lenyewe upana wake ni milimita 108, kikombe cha uji hakizami. Unaruhusiwa fimbo 14, zisizidi. Na kanuni inakukataza kumwomba ushauri mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenzako wa upande mmoja na mbeba begi wako, ambaye wao wanamwita kedi. Ukimuuliza mtu wa pembeni uchague fimbo gani, unaongezewa mikwaju miwili ya adhabu. Rudini kwenye sentensi hiyo. Katika uwanja mzima, wenye mawakili na makanali wastaafu na wakurugenzi, Bwana Turubai alikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na mtu huyo alikuwa mpwa wangu.

Hakumuuliza.

Mashimo manne ya kwanza nayapita haraka, hayana kitu isipokuwa matusi madogo madogo. Tulipofika la tano, kijana akaweka begi chini, akatoa mfukoni daftari, lile la mistari la wanafunzi, limekatwa katikati ili lienee mkononi. Kila ukurasa una shimo moja, limechorwa kwa penseli. Amehesabu hatua kutoka kila mti mpaka kwenye mtaro, kutoka mtaroni mpaka kwenye mchanga. Grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, imechorwa na mishale inayoonyesha inainamia wapi. Na kila ukurasa, pembeni, kuna alama ya x. Nikamuuliza ya nini.

"Hapo ndipo pa kukosea, Mjomba. Kila shimo lina upande wa kukosea. Mtu akikosea upande huo anarudi mchezoni. Akikosea upande wa pili, imekula kwake."

Nimesikia wataalamu wengi wa mipango katika maisha yangu. Wamekuja Nzega na mashine za kuonyeshea picha ukutani na chupa za maji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutuonyesha upande wa kukosea.

Shimo la tano ni la mikwaju minne, mita kama 270. Si refu. Limewekewa mtaro wa maji unaokatiza njia kama mita 180 kutoka mahali pa kuanzia. Kijana akarusha vijani vichache hewani. Upepo wa kusi ukavirudisha kifuani kwake. Akasema kwa adabu zote: "Bosi, chukua fimbo namba saba. Mpira utalala mita 140, mbele ya maji. Unabaki na 130, unapiga saba nyingine, uko kwenye grini. Mikwaju miwili ya kusukuma, nne, tunaondoka." Akaongeza kwamba shimo halipigwi kuanzia mwanzo, linapigwa kutoka kwenye bendera kurudi nyuma: unajiuliza mkwaju wa mwisho unataka kuupigia wapi, ndipo unachagua wa kwanza.

Bwana Turubai akacheka. Akachomoa fimbo kubwa kuliko zote, ile yenye kichwa kama kiazi kikuu. "Dogo," akasema, "mimi nimeendesha lori kutoka Dar mpaka Goma, njia haijawa na lami. Wewe utanionyesha njia?"

Mpira ukaenda juu sana. Ulikuwa mzuri kuutazama. Upepo ukausimamisha kidogo, kama mtu anayefikiria, kisha ukaushusha katikati ya mtaro. Tukasikia chubwi. Akaweka mwingine, fimbo ileile. Chubwi. Wa tatu ukavuka maji ukaingia kwenye miti, na alipotoka mitini alikuwa amekwisha kupiga mingi kiasi kwamba mpwa wangu, mtoto aliyelelewa, aliangalia viatu vyake mtu mzima alipokuwa anahesabu kwa sauti na kuruka baadhi ya namba.

Ninajua mtasema, Mzee Mihayo, hata mabingwa hukosea. Kweli. Jioni kijana alinionyesha kwenye simu yake Mfaransa mmoja, Jean van de Velde, kwenye mashindano ya wazi ya Uingereza ya mwaka 1999, uwanja wa Carnoustie. Shimo la mwisho kabisa, anaongoza kwa mikwaju mitatu. Alihitaji apige sita tu kwenye shimo la minne, kikombe kiwe chake. Angeweza kupiga fimbo ndogo ndogo kama bibi anayechapa mahindi. Akachukua kubwa. Mpira ukaenda pembeni, wa pili ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye majani, wa tatu ukaingia kwenye kijito, na dunia nzima ikamwona amevua viatu na soksi, amekunja suruali, amesimama majini akitafakari. Alipiga saba, akaingia kwenye mchujo, na Mskochi Paul Lawrie akashinda. Tofauti yake na Bwana Turubai ni kwamba Mfaransa alikuwa anatafuta kikombe. Bosi wetu alikuwa anatafuta kunionyesha mimi.

Na kwa mashabiki wa nguvu, huyo Tiger Woods mnayemtaja mkisikia neno gofu: mwaka 2006, mashindano hayohayo, uwanja wa Hoylake, ardhi imekauka na mpira unakimbia, alicheza mashimo 72 kwa siku nne na ile fimbo kubwa aliitoa mara moja tu. Mara moja. Akachukua kikombe. Mwenye nguvu kuliko wote ndiye aliyeziacha kwenye begi.

Hapa mniruhusu nirudi nyumbani kidogo. Babu zetu wa Unyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya huku na pwani, frasila mbili begani, karibu kilo 32. Msafara ulikuwa na mwenye mali, na ulikuwa na kirangozi. Kirangozi alitangulia na bendera, na aliyethubutu kumpita mbele alitozwa faini, awe nani. Kwa nini? Kwa sababu ndiye aliyejua katika nyika ya Mgunda Mkali maji yako wapi, lini mtembee asubuhi mkalale, na lini mterekeze, yaani mwende jua likiwa kali, ili usiku uwakute karibu na kisima cha kesho. Wasafiri Wazungu Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora hii hii, Novemba 1857. Wao waliandika vitabu. Njia walionyeshwa. Wazungu wale walikuwa na kiburi cha kuuza na kubakiza, lakini hata wao walijua kwamba ukimpita kirangozi unakufa na kiu. Leo mjukuu wa wapagazi hao amesimama na begi na ramani yake ya penseli, na anayempita ni mjukuu mwenzake.

Mimi ninasema wazi: hizi semina za mafanikio ndizo zilizotuharibia watu. Mtu analipa kiingilio, anaambiwa fikiri makubwa, piga makubwa, usiogope. Anatoka pale anaona kuuliza ni aibu ya maskini. Bwana Turubai amehudhuria semina hizo mpaka vyeti vimejaa ukutani. Enzi za Goma aliuliza njia kila kituo, aliuliza utingo, aliuliza wauza mihogo, nakumbuka, nilikuwepo. Ndivyo alivyonunua lori la pili.

Kuna mahali kanuni zenyewe zinamhurumia mchezaji. Kule Jinja, Uganda, viboko walizoea kutoka ziwani usiku na kutembea uwanjani, kwa hiyo klabu ikaweka kanuni yake: mpira ukidumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Nimeipenda kanuni hiyo. Mambo ya kiboko hayana mkakati. Ila kwenye mtaro wa shimo la tano sikuona kiboko hata mmoja.

Mbele yetu alikuwa anacheza mama mmoja mstaafu, kilemba kichwani, fimbo zake hazifiki kumi. Kila mkwaju wake ulikuwa mfupi na umenyooka. Kabla ya kupiga anageuka kwa kedi wake, wananong'ona kama watu wanaonunua kiwanja, anapiga, anatembea. Shimo la nane ni fupi, bendera wameificha nyuma ya mchanga makusudi. Mama akalenga katikati ya grini, mbali na bendera, akasukuma mara mbili, tatu zake akaondoka nazo. Bwana Turubai akailenga bendera. Mchanga ule sasa unamfahamu kwa jina. Wala si ajabu kwamba akina Madina Iddi wa Arusha ndio waliotuletea vikombe kutoka nchi za jirani. Wanawake wa mchezo huu hawana deni la kumwonyesha mtu misuli.

Tulipomaliza mashimo tisa, tukakaa kivulini. Mezani walikuwepo wenzake, wakamuuliza mambo yamekwendaje. Akatingisha kichwa, akaonyesha kwa kidole gumba kule makedi walikokaa. "Leo nimepewa kijana mgeni," akasema. "Amenipa fimbo mbaya."

Nilikuwa na soda mkononi. Niliiweka chini taratibu, kwa sababu mambo ya mahari hayajaisha na sitaki wenzetu wa upande wa pili wasikie ugomvi.

Kijana hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alifuta fimbo moja moja kwa taulo bichi, akazipanga, ile kubwa akaivalisha kofia yake ya manyoya. Nilipomvuta pembeni kumwambia aache kazi hii ya dharau, akaniambia Jumatatu uwanja hauna wanachama, makedi ndio hucheza, na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa nchi hii walianzia kwenye mikanda ya mabegi hayohayo. Jumatatu alinipigia simu usiku: shimo la tano, namba saba, namba saba, nne.

"Na kabla ya kucheza tuliingia mtaroni, Mjomba. Ile mipira miwili ya bosi nimeipata. Mizuri, ya bei mbaya, ina alama yake ya T kwa wino mwekundu. Nimeiosha."

Nikamuuliza atamrudishia lini. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayemhurumia mjomba wake. Mipira isiyorudi huuzwa, akasema, kila mwanachama anajua.

Leo asubuhi amenipigia tena. Ameiuza yote miwili, shilingi elfu mbili kila mmoja, kwa Bwana Turubai mwenyewe. Bosi aligeuza geuza ile herufi T, akasema mpira huu una bahati. Halafu akaomba apunguziwe.