Mwizi wa besi hushikwa na miguu

Kama kuna mtu hulaumiwa uwanjani kuliko golikipa, ni mdakaji wa softiboli. Yule hukaa amechuchumaa nyuma ya mpigaji, maski ya chuma usoni, pedi za magoti, vumbi yote yake. Mkimbiaji akitoka besi ya kwanza na kuiba ya pili, hakuna anayeuliza kama mpira ulitoka polepole kwa mrushaji. Hakuna anayemuuliza mlinzi wa besi ya pili kwa nini alifika pale kama mtu ameitiwa chai. Macho yote ni kwa mdakaji, na maneno ni yale yale: "Rusha kwa nguvu! Kwani huna mkono?"

Wasee, mimi naona hapo ndipo tunaharibu mambo. Mdakaji hafundishwi kurusha kwa kupigiwa kelele aongeze nguvu. Anafundishwa kuanzia miguuni, halafu mikono inavyohamisha mpira, na nguvu ya bega inakuja mwisho kabisa. Najua kuna makocha hawatapenda hii, lakini wacha tufanye hesabu kwanza. Haiumi.

Kwenye softiboli ya mrusho wa kasi ya wanawake, besi moja hadi nyingine ni mita 18.29. Kutoka nyumbani alipo mdakaji hadi besi ya pili, ukikata katikati ya uwanja, ni karibu mita 26. Mkimbiaji haruhusiwi kuachana na besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Sasa tuseme huyo mkimbiaji ni mwepesi na anafika ya pili kwa sekunde 3. Mpira wenyewe unamfikia mdakaji baada ya kama nusu sekunde. Zimebaki sekunde mbili na nusu za kudaka, kuinuka, kurusha, na mlinzi kumgusa mwizi na mpira.

Chukua wadakaji wawili. Mmoja anarusha kilomita 80 kwa saa, mwingine 90. Kwa mita 26, yule wa kwanza mpira wake unachukua kama sekunde 1.17 na wa pili kama 1.04. Tofauti ni sekunde 0.13. Hiyo tu! Ndiyo faida ya mkono ambao kila mtu anausifu. Lakini mdakaji akiongeza kahatua kamoja kasikohitajika kabla ya kurusha, au mkono ukipapasa glavu ukitafuta mpira, robo sekunde imeenda. Na kwa robo sekunde, mtu anayekimbia kasi anaweza kumeza mita moja na nusu. Kwa hivyo yule wa kilomita 80 mwenye miguu safi anamshinda yule wa 90 anayejikwaa. Enyewe hesabu haina upendeleo.

Sasa miguu safi ni gani? Nitaongea juu ya mtu anayerusha na mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.

Kukiwa na mkimbiaji kwa besi, mdakaji hakai chini kabisa kama amepumzika. Anainua makalio kidogo, uzito uko mbele ya nyayo, mguu wa kulia uko nyuma kidogo ya wa kushoto. Mkono wa kulia unajificha nyuma ya glavu, ngumi imelegea, kidole gumba kimefunikwa, kwa sababu mpira ukigusa bati na kubadilisha njia, vidole vilivyo wazi vinavunjika. Mpira ukiingia, glavu ndiyo inauleta karibu na sikio la kulia, na mkono unaupokea njiani. Usinyooshe mkono kuufuata mpira huko mbele. Vidole vitafute mishono na kuikata, ndiyo mpira uende moja kwa moja bila kujipinda. Wakati huo huo mguu wa kulia umeshaingia chini ya mwili, wa kushoto unaelekea kwa besi, na bega la kushoto linaangalia pale unarusha. Hapo sasa ndio mkono unafanya kazi yake.

Hilo bega la kushoto ndilo watu husahau, na ndilo linafanya kila besi iwe somo lake. Ukiwa umechuchumaa ukimwangalia mrushaji, ili bega lielekee besi ya tatu, unageuza mwili kidogo tu. Kwa ya pili unageuka robo ya duara. Kwa ya kwanza unageuka zaidi ya hapo. Ndio maana wengi hurusha ya kwanza mwili ukiwa bado haujafika, mpira unaishia kwa nyasi huko nyuma, na mkimbiaji anapewa besi ya bure. Ya tatu ni karibu, lakini mpigaji wa mkono wa kulia amesimama njiani. Mpira ukija upande wa mbali naye, mdakaji anapita mbele yake. Ukija karibu na mwili wake, anapita nyuma yake. Hayo ni maamuzi ya nusu sekunde, na mtu hawezi kuyafanya kwa mechi kama hakuyarudia mara mia kwa mazoezi.

Na lengo si kifua cha mlinzi. Lengo ni chini, kama urefu wa goti, juu ya besi, upande ule mwizi anatokea. Mpira ukidunda mara moja ukaingia kwa glavu hapo, ni poa kabisa. Ule unaopaa juu ya kichwa kwa kasi ya ajabu hausaidii mtu, hata kama mashabiki watasema "wueh!"

Najua utasema, "Lakini nguvu pia inasaidia." Kweli, inasaidia. Wadakaji wakubwa wako na vyote viwili. Ninachokataa ni mpangilio. Ukimwambia binti wa miaka 14 arushe kwa nguvu kabla hajajua miguu, atatafuta hiyo nguvu kwa kupinda mgongo na kuvuta bega. Mifupa ya vijana bado inakua, na karibu na viungo kuna sehemu ambazo hazijakomaa. Kurusha vibaya mara nyingi kunaziumiza. Halafu akisema bega linauma, anaambiwa ni mlegevu. Hapana bana. Maumivu ya bega si mtihani wa ujasiri. Apumzishwe, na mtu mzima aangalie anavyorusha.

Kuna kitu kingine hunikera hapa. Tukichagua mdakaji kwa kuangalia nani anarusha mbali zaidi, tunawafukuza wasichana wengi siku ya kwanza. Yule mdogo wa mwili mwenye mikono ya haraka na akili ya mchezo anapelekwa kukaa benchi, na anarudi nyumbani akiamini hakuzaliwa na mkono. Ile kejeli ya "unarusha kama msichana" inapata nguvu kwa sababu hakuna aliyemfundisha, halafu tunashangaa wasichana wakiacha michezo.

Na hawa wasichana wanajua kurusha! Nani hapa hajacheza kati? Kwa kati, anayemtoa mtu ni yule anadaka na kuachilia kabla aliye katikati hajageuka. Mwenye nguvu tupu hurusha ikapita, tukaenda kuutafuta mpira kwa mtaro. Hiyo haraka ya mikono tayari tunayo. Softiboli inahitaji tu tuifungie miguu.

Kwa makocha, ombi langu ni dogo. Anzeni bila mpira, miguu peke yake. Kisha kudaka na kuhamisha mpira karibu na ukuta, mita chache. Kisha rusha fupi, halafu mwendo mrefu, na kila besi ipewe muda wake. Mlinzi naye afundishwe kufika mapema, kwa sababu mpira mzuri bila mtu wa kuupokea ni hasara.

Kwa mdakaji ambaye hana kocha wa maana, simu yako inatosha. Mwambie rafiki akurekodi ukidaka na kurusha. Video ya kawaida hubeba picha 30 kwa sekunde. Hesabu picha kuanzia mpira unapogusa glavu mpaka unapotoka mkononi. Ukipata 30, umetumia sekunde nzima. Ukishusha hadi 24, umeokoa sekunde 0.2, zaidi ya ile faida ya kilomita 10 tuliyoipigia hesabu pale juu, na bega lako halijaongezewa hata gramu moja ya mzigo.

Softiboli inarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, kwa hivyo klipu zitajaa kwa simu zetu. Utaona mdakaji akirusha akiwa kwa magoti na watu wakipiga nduru. Raha yake iko, lakini usianzie hapo. Irudishe hiyo video polepole, acha mkono kabisa, angalia miguu ya wale wanaosimama kurusha.

Na wewe uliye kwa benchi ama kwa nyasi ukishangilia, siku nyingine besi ikiibwa, kabla hujapiga kelele "huna mkono," jiulize nani alimfundisha miguu. Makocha wa mitaa na mashule, nawasikiza: kwenu mnaanzia wapi?