Jeni za chai ya zambarau tunazo. Soko je?

Bonasi ya chai ikitangazwa, Kericho na Bomet huwa ni kelele tu. Mkulima wa huku amekuwa akipata chini ya mwenzake wa maeneo ya Mlima Kenya, na wanasiasa hurushiana lawama. Lakini kuna swali ambalo halifiki kwenye mikutano yao: mbona sayansi iliyozaliwa papa hapa haijanenepesha mfuko wa mkulima?

Mwaka wa 2011, watafiti wa chai Kericho walitoa TRFK 306, chai yenye majani ya zambarau, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20.

Tuelewane kwanza. Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza kitu ndani ya seli, mara nyingi protini. Hata chai ya kijani ina jeni za kutengeneza anthosayanini, rangi ya jamii ile inayopatikana kwenye tunda la zambarau. Tofauti ni kwamba katika TRFK 306 jeni hizo zinachapa kazi zaidi. Na hapana, hii si GMO. Ilipatikana kwa kuzalisha na kuchagua mimea kwa njia ya kawaida. Ukikata kipandikizi chake, mche utabeba jeni zile zile za mama.

Siku hizi kazi inaweza kwenda mbio. Mwaka wa 2017, wanasayansi wa China walichapisha jenomu ya chai, yenye karibu jeni 37,000. Mtafiti anaweza kupima DNA ya jani la mche mchanga na kukadiria kama utahimili ukame, bila kungoja miaka shambani.

Sasa shida iko wapi? Chai ya zambarau ilisifiwa kuwa italeta bei ya juu. Waliopanda wengi wakakuta viwanda vyao havina mtambo wa kuisindika kivyake. Majani yakachanganywa na ya kijani, bei ikawa ile ile. Wengine waling'oa.

Jeni huleta rangi, haileti mnunuzi. Aina nyingine mpya zitakuja, tena haraka. Kwa hivyo ukienda nyumbani Litein au Sotik na mzee akuulize apande gani, mwambie aanzie kiwandani: mtaipokea kando, na kilo mtalipa ngapi?