Serikali ya mtandaoni ni nyumba ya umma, mlango wake uonekane

MKULIMA wa viazi kule Kiirua, Kaunti ya Meru, anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe siku hizi huelekezwa kwenye jukwaa la eCitizen. Tangu Juni 30, 2023, Rais William Ruto alipozindua zaidi ya huduma 5,000 katika jukwaa hilo lililoanzishwa mwaka wa 2014, simu imegeuka kuwa dirisha la ofisi ya serikali.

Swali ni iwapo dirisha hilo linamfungukia kila mwananchi. Anayeshindwa kulifungua hukimbilia saiba, akamlipa mhudumu amjazie fomu. Akimwachia na nambari yake ya siri, hasara haiishii mfukoni.

Tiba ipo katika taaluma mbili kongwe.

Ya kwanza ni usanifu wa majengo. Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, mgeni hupokelewa kwenye daka, nayo njia ya kuingilia hupindishwa ili mpita njia asione ya ndani. Mgeni hapotei, na wenyeji hawavunjiwi faragha. Vivyo hivyo, tovuti ya umma yapasa kuweka huduma, masharti na ada mahali pa wazi kabla ya kumdai mtu nambari ya kitambulisho.

Ya pili ni uhariri wa magazeti. Mhariri hutanguliza lililo zito, hutofautisha kichwa kikuu na vichwa vidogo, na huacha nafasi jicho lipumzike. Utafiti wa Jakob Nielsen wa mwaka wa 2006 ulibaini kuwa wasomaji wa intaneti hupitisha macho mistari ya juu, kisha hushuka upande wa kushoto. Jambo muhimu likizikwa chini, halionekani.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilienea hata vijijini kwa menyu fupi yenye hatua moja baada ya nyingine, tena katika simu za kawaida.

Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa hivyo, kukitumia kikamilifu katika huduma hizi si hisani.

Wabunifu hawana budi kuketi na wakulima sokoni, wawatazame wakijaribu. Mwananchi akikwama, mchoro ndio urekebishwe.