Mwacheni Mama na Kitochi Chake

Sikukuu ya Idi mwaka jana nilifanya kile ambacho kila mtoto aliyeanza kuonja mshahara hukifanya: nilimnunulia mama simu janja. Neno "nilinunua" nimelitumia kwa kujipendelea. Nilimkopea. Kijana aliyevaa fulana ya rangi ya kuumiza macho, kwenye meza chini ya mwavuli pale Mbagala Rangi Tatu, alinieleza mambo yote kwa dakika kumi. Kianzio shilingi 60,000, halafu shilingi 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja. "Hela ya soda mbili, kaka," akaniambia. Nikaona kweli, soda mbili, mama yangu hawezi kukosa simu ya maana kwa ajili ya soda mbili.

Hesabu niliipiga baadaye sana, siku ambayo nitaisimulia. Elfu moja na mia tano mara siku 365 ni shilingi 547,500. Ongeza kianzio, unapata 607,500. Simu hiyohiyo, kwa fedha taslimu, ilikuwa ikiuzwa Kariakoo kwa 380,000. Nina shahada. Nilisoma hisabati mpaka kidato cha sita.

Mama ni muuza samaki. Anaamka saa kumi alfajiri, anakwenda Feri, anasimama kwenye mnada pamoja na akina mama wenzake, wanachangishana kununua fungu kubwa la vibua au changu, wanagawana, kisha anarudi Mbagala kukaanga. Kwa miaka saba kazi hiyo yote aliiendesha kwa kitochi kimoja ambacho mfuniko wake wa betri ulishikiliwa na mpira wa kufungia noti. Namba kwenye vitufe zilishafutika. Kitochi hicho nilikionea aibu. Nasema wazi: sikumkopea mama simu kwa sababu alilalamika. Hakuwahi kulalamika. Nilimkopea kwa sababu kwenye sherehe ya mdogo wangu alitoa kitochi mbele ya rafiki zangu, mmoja akacheka, na mimi nikacheka naye.

Ugomvi wangu kwa hiyo unaanza na mimi, halafu unakuja kwako wewe unayesoma, kwa sababu nadhani nawe ulishacheka.

Hebu tuanze na vidole. Kioo cha simu janja kinahisi kidole kwa sababu mwili wa binadamu unapitisha umeme. Maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme. Kioo kikilowa hakitambui tena kipi ni kidole na kipi ni tone, na mkono wa mtu aliye Feri alfajiri hauna dakika ambayo ni mkavu: una maji ya bahari, una magamba, una damu ya samaki. Kitufe hakijali. Kitufe kinataka kusukumwa tu. Na kwenye namba tano kuna kinundu kidogo ambacho wengi wetu tumekisahau, kilichowekwa ili kidole kijue kilipo bila jicho kuangalia. Mama alikuwa akibonyeza *150*00# huku macho yake yako kwenye samaki, akihakikisha dalali hamchanganyii wa jana. Mpe simu ya kupangusa, na lazima ainamishe kichwa, afute mkono kwenye kanga, apanguse kioo, aandike mchoro wa kufungulia, akosee, aandike tena. Mnada haumsubiri mtu anayefuta mikono.

Sisi tuliosoma tunapoona hivyo tunasema "wazee hawawezi teknolojia". Mama alikuwa na teknolojia, na alikuwa fundi nayo. Tulichomletea ni kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya mikono mikavu.

Nikumbushe jambo ambalo kizazi chetu kinalipita haraka. Januari 2007, San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani akaionyesha dunia iPhone, na magazeti yote yakaandika kwamba zama mpya zimefika. Miezi miwili baadaye, Machi 2007, M-Pesa ilianza Kenya. Mwaka uliofuata ikawa Tanzania. Moja ilihitaji kioo cha bei mbaya. Nyingine ilitengenezwa kwa makusudi ifanye kazi kwenye simu yoyote yenye laini, hata Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ukiuliza ni ipi iliyobadilisha maisha ya muuza samaki, jibu unalijua. Mapinduzi ya fedha ya Afrika Mashariki yalifanyika kwenye vitufe. Leo watoto wa mapinduzi hayohayo ndio tunaowaambia wazazi wetu kwamba kitochi ni ushamba.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne. Mshahara wangu ulikuwa umechelewa, na siku tatu zilikuwa zimepita sijalipa zile soda mbili. Saa kumi na mbili na robo asubuhi nikapigiwa na namba nisiyoijua. Alikuwa mama, ameazima simu ya dalali. Bahati nzuri namba yangu anaijua kwa kichwa, hiyo ni tabia ya watu wa kitochi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, simu imekufa lakini inawaka. Imeandika maneno. Dalali ananisomea hapa anasema inanidai."

Simu ilikuwa imejifunga usiku. Kioo kizima kilikuwa tangazo moja: lipa. Mtaji wa mama ulikuwa ndani ya laini, kwa sababu baada ya kuporwa mwaka juzi aliacha kutembea na fedha mkononi. Nikamwambia atoe laini aiweke kwenye simu ya dalali. Haikuingia. Siku ya kununua, fundi aliikata laini ya mama kwa mkasi wake maalumu ili iingie kwenye kijitundu kidogo cha simu mpya, na simu ya dalali ilikuwa kitochi chenye tundu kubwa. Kile kipande cha plastiki kilichokatwa tulikitupa palepale chini ya mwavuli. Wenye simu janja pale mnadani walikuwepo, lakini nani atazima simu yake saa hiyo, katikati ya mnada, ampishe mama mmoja ahamishe fedha?

Namba za wateja wake nazo hazikuwa kwenye laini. Nilikuwa nimezihamishia kwenye akaunti ya barua pepe ambayo mimi ndiye niliyeifungua, kwa nywila ninayoijua mimi.

Nilikopa kwa mwenzangu kazini, nikalipa. Simu ilifunguka. Kufikia hapo fungu lilishagawanywa kwa wengine, na mama ntilie wawili wanaomtegemea walishanunua kwa mtu mwingine. Mama alirudi Mbagala na ndoo tupu, siku nzima ya kazi imeungua, kwa deni la shilingi 4,500.

Najua jibu la wauzaji, nimeshalisikia mara nyingi, na si jibu la kijinga: bila kufuli, hakuna atakayemkopesha simu mtu asiye na dhamana; kufuli ndiyo dhamana ya maskini. Sawa. Lakini niliiangalia simu ile ilipokuwa imefungwa mara ya pili (ndiyo, ilifungwa tena). Iliruhusu jambo moja: kumpigia mkopeshaji. Maana yake uwezo wa kupiga ulikuwepo, laini ilikuwa inasoma, mnara ulikuwa unapatikana. Kuna mtu alikaa ofisini, akaamua kwamba katika simu ya mdaiwa mlango mmoja tu ubaki wazi, na mlango huo uelekee kwake. Mtu huyohuyo angeweza kufunga video, michezo na mitandao, akaacha kupiga simu na menyu ya fedha, ambayo ndiyo hasa njia ya mdaiwa kupata hela ya kumlipa. Hilo halikushindikana kiufundi. Alichagua. Na mimi nasema ukimkopesha mtu jembe, huna haki ya kuja usiku kulitoa mpini kwa sababu amechelewa siku tatu, halafu asubuhi umwambie alime akulipe.

Na haya mambo tunayaandikia mabango yenye maneno "ujumuishaji wa kidijitali".

Kufuli hata hivyo ni sehemu moja tu. Kilichoniuma zaidi kilitokea wiki chache kabla, na sikukihesabu kuwa tatizo wakati ule. Kwa kuwa akaunti ya mama niliiunganisha pia kwenye simu yangu, ili nimsaidie akikwama, picha zake zilikuwa zikija kwangu zenyewe. Jioni moja, katikati ya picha za samaki na za mjukuu, nikaona picha ya cheti cha kliniki. Dawa za presha, na tarehe ya kurudi. Mama hakuwa ameniambia. Alikuwa amempiga picha yule karatasi ili asiisahau tarehe, akidhani simu ni yake.

Zamani kijijini, asiyejua kusoma alisomewa barua na mtoto wa jirani. Kila siri ya nyumba ilipita kwanza kwenye kinywa cha mtoto. Bibi yangu alichukia jambo hilo kiasi kwamba alijiunga na kisomo cha watu wazima akiwa na watoto wanne. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kukawa na madarasa chini ya miembe, walimu wa kujitolea, vitabu vya pamba na mifugo. Bibi alijifunza kusoma ili barua za mumewe aliyekuwa akifanya kazi Tanga zisipite kwa mtu. Nchi ile ilikuwa maskini kuliko hii, lakini ilielewa kwamba ukitaka watu wote wasome, lazima uwafundishe.

Leo tunataka watu wote wawe na simu janja, na kisomo chake kiko wapi? Kiko kwa mtoto anayekuja nyumbani Jumapili, ana haraka, anamnyang'anya mama simu mkononi, anasema "lete nikufanyie", anabonyeza mara nane kwa kasi, anarudisha. Mama hajajifunza chochote isipokuwa kwamba yeye ni mzito. Binti wa mwanamke aliyejisomesha ili asisomewe barua, sasa nywila yake iko kichwani mwa mwanawe. Ninaposema "mwanawe" namaanisha mimi.

Sitaki mtu aniambie nachukia maendeleo. Mama mwenyewe angenikatalia. Dada yake yuko Muscat mwaka wa kumi na moja, na mara ya kwanza walipoonana sura kwa sura kwenye kioo, mama alizima jiko ili moshi usimharibie kuonekana. Anasoma polepole, kwa hiyo ujumbe wa sauti umemfungulia dunia: anawarekodia wateja, "leo kuna changu, wakubwa, njooni mapema", nao wanakuja. Picha ya samaki akiwa mbichi inauza kuliko maneno. Simu janja ina faida kwenye biashara yake, na faida hiyo huanza saa tatu asubuhi, akishanawa mikono.

Basi yapo ninayoyadai, na siyaombi kwa upole. Wakopeshaji waache kufunga njia ya kupiga na njia ya pesa. Bei kamili, ile ya mwisho wa mwaka, iandikwe kwenye bango kwa herufi kubwa kama zile za "1,500 tu". Ofisi za umma na mabenki wanaohamishia huduma kwenye programu za simu wasithubutu kuua menyu ya nyota na alama ya reli, kwa sababu hiyo ndiyo barabara ya lami ya watu wengi, na programu ni njia ya wenye bando. Na wewe na mimi, siku tunapowapelekea wazazi simu, tukae chini. Nusu siku. Tumwache ashike mwenyewe, akosee mwenyewe, afungue akaunti yake kwa nywila asiyotuambia.

Mimi nililifanya hilo kwa kuchelewa, Jumapili mbili mfululizo. Tulikwenda kwanza kubadilisha laini. Mhudumu alitoa kadi mpya yenye fremu zake zote, ndogo, ya kati na kubwa, akauliza tukate ipi. Mama akamwambia, "Usikate, mwanangu. Niache na yote." Kitochi kilikuwa kabatini, ndani ya sufuria, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chaja yake. Tulikichomeka. Baada ya dakika kumi kikawaka, na betri ilikuwa bado inashika chaji. Laini ya zamani ikarudi humo. Simu janja ikapata laini nyingine, ya bando, na haitoki nyumbani.

Zimebaki siku 114 za deni. Ujumbe wa kukumbusha huja kwangu sasa, saa mbili usiku, na nikilipa unakuja mwingine wa kunipongeza. Nywila mpya ya mama siijui. Niliiuliza wiki iliyopita, kwa mazoea tu, akawa anaparua changu. Akaniangalia, akaendelea kuparua.